Sogea Kidogo, Mama, Treni Inakuja

Je, ndugu msomaji, umewahi kukaa kando ya reli saa mbili nzima ukingoja treni ambayo huna nia ya kuipanda? Usicheke. Wapo watu wa aina hiyo, na mimi ni mmoja wao. Mke wangu husema kwamba laiti ningewangoja wageni wake kwa subira ile ninayoingojea treni, nyumba yetu ingesifika mtaa mzima.

Katika nchi za wenzetu, jambo hili halimshangazi mtu. Kule Dawlish, kusini magharibi mwa Uingereza, reli inapita ukingoni kabisa mwa bahari, na kichwa cha treni cha dizeli cha miaka ya zamani kikipita hapo utawakuta wazee kwa vijana wamejipanga na kamera zao kama watu wanaomsubiri rais. Kwetu ni tofauti. Mtu akisimama karibu na reli na kamera, watu hudhani ni jasusi, au ni mpimaji wa ardhi aliyekuja kuwanyang'anya shamba, au amerukwa na akili. Mimi nimewahi kuitwa yote matatu kwa siku moja huko Naro Moru, na aliyeniita mwendawazimu ndiye aliyenikaribisha chai.

Reli ninayoizungumzia ni ile itokayo Nairobi kupitia Thika, Maragua, Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki. Ni safari ya kilomita 240 hivi, na upana kati ya chuma na chuma ni mita moja tu. Sehemu ya kwanza, ya kwenda Thika, ilifunguliwa mwaka wa 1913. Kutoka hapo ikasogezwa kidogo kidogo, kama mtoto anayejifunza kutembea, mpaka ikafika Nanyuki yapata mwaka wa 1930. Mji wa Nyeri wenyewe reli haikuufikia kamwe. Mwenyeji wa Nyeri aliyetaka treni ilimbidi aende hadi Kiganjo, na mpaka leo wazee wengine wakisema wanaenda "stesheni ya Nyeri" wana maana ya Kiganjo.

Ukiitazama ramani utadhani treni hupanda tu kutoka Nairobi mpaka mlimani. Sivyo. Huteremka kwanza. Ikifika Sagana, penye joto na mto, iko chini sana kuliko Nairobi. Halafu ndipo kazi inapoanza, kwa maana kutoka Sagana hadi Karatina kuna mpando wa takribani mita 500, reli ikijipinda katikati ya mashamba ya kahawa na migomba. Ukumbuke mpando huo, msomaji, kwa sababu ndio uliotulisha sisi.

Mimi ni mzaliwa wa Karatina. Watu wanaujua mji wetu kwa soko lake, na tangu zamani umekuwa mji wa mboga na viazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kiwanda hapo cha kukausha mboga za askari waliokuwa vitani. Lakini mama yangu hakuwa na kibanda sokoni. Soko lake lilikuwa stesheni. Aliuza mahindi ya kuchemsha, nduma, mayai na ndizi, vyote vikiwa ndani ya kiondo kimoja kikubwa kilichofunikwa kwa kitambaa, na kando yake kreti ya soda.

Biashara ya stesheni haikuwa mchezo. Treni ilisimama dakika chache tu, na katika dakika hizo ilibidi akina mama kumi na zaidi wakimbie chini ya madirisha, kila mmoja akitaja bidhaa zake, wapokee pesa, warudishe chenji, na wasidanganywe. Kazi yangu mimi ilikuwa chupa. Abiria akishanunua soda nilisimama chini ya dirisha lake nikimkazia macho mpaka anywe aimalize, kwa sababu chupa ikiondoka na treni ni hasara ya mama. Kuna waliokunywa taratibu makusudi wakitaka kuniona nikibabaika. Honi ikilia nilianza kukimbia sambamba na behewa nikipiga kelele, "Chupa! Chupa!" Wengi walinirushia. Wachache walinipungia mkono.

Sasa, mama alikuwa na elimu ambayo sijaikuta katika kitabu chochote. Aliweza kuitambua treni ingali mbali, bado haijaonekana. Tuliishi ng'ambo ya pili ya reli, na sauti ya treni inayopanda kutoka Sagana ilitufikia mapema sana. Sisi watoto tulisikia ngurumo tu. Mama aliinamisha kichwa kidogo, akasema, "Hiyo ni ya mizigo. Acheni mahindi yaive." Au akafunika kiondo upesi, akasema, "Twendeni, ina abiria." Nilipomuuliza anajuaje, alinijibu kwamba ile ya mizigo hupumua kama mtu aliyebebeshwa gunia, haibadilishi pumzi mpaka ifike juu, na ile yenye abiria hupumua kisha ikanyamaza, ikapumua tena, ikanyamaza. Sikumbuki akikosea.

Hapa niruhusu nieleze kidogo habari ya vichwa hivi vya dizeli, hasa kwa ajili ya wanafunzi, maana watu wengi wakisikia treni ya zamani wanafikiria mvuke peke yake. Ni kweli vile vya mvuke vilikuwa na madaha yao. Vile vikubwa vya aina ya 59, vilivyotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950, vilipewa majina ya milima, na cha kwanza kabisa, nambari 5901, kiliitwa Mount Kenya, ingawa kazi yake ilikuwa katika njia kuu ya Mombasa na wala si huku kwa mwenye jina. Ndugu yake, 5918 Mount Gelai, yuko katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi na watoto humpanda mgongoni. Lakini dizeli nayo ina utu wake kwa mtu mwenye subira ya kuitazama.

Injini ya dizeli ndani ya kichwa cha treni haizungushi magurudumu moja kwa moja kama ya lori. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme huo unapelekwa kwa mota zilizofungwa chini kwenye magurudumu. Ndiyo maana ukisimama karibu nayo unasikia injini ikipandisha sauti kwanza, na treni yenyewe bado imetulia, kisha baada ya kitambo ndipo inaanza kusogea. Ule moshi mweusi unaotoka wakati wa kuondoka pia una sababu. Mafuta huingia kwa wingi kabla injini haijapata hewa ya kutosha kuyachoma, basi yanatoka yakiwa masizi. Kwa mpiga picha moshi huo ni zawadi, lakini ni zawadi ya sekunde chache. Ukichelewa umebaki na picha ya sanduku la chuma.

Katika ujana wangu vile nilivyovipenda ni vya aina ya 87. Vilitengenezwa Uingereza na kampuni ya English Electric kuanzia mwaka wa 1960, wakati huo vikiitwa aina ya 90, na nguvu zake zilikuwa za farasi 1,840. Vilikuwa na magurudumu 16. Mengine hayakusukumwa na mota yoyote. Yalikuwa madogo, moja kila upande mbele na moja kila upande nyuma, na kazi yake ilikuwa kugawa uzito ili kichwa kisiivunje reli nyembamba. Nilipenda sana magurudumu yale madogo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yalifanya kazi ya kubeba tu na hakuna aliyeyasifu.

Basi mwaka wa 1981, nikiwa na umri wa miaka 17, mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alininunulia kamera, Yashica ya mtumba iliyokuwa na mkwaruzo kwenye kifuniko. Alinipa na filamu moja ya Ilford, isiyo ya rangi, ya picha 36. Ndugu msomaji uliyezaliwa katika zama za simu, hebu fikiria picha 36 tu, na kila moja ukiibonyeza imekwenda. Nilizihesabu kama mtu anayehesabu vidonge vya dawa. Niliapa kwamba zote zitakuwa za treni.

Siku ya kwanza tu nilikamatwa. Askari mmoja alinishika ukosi akiniambia kwamba stesheni ni mahali pa serikali na kwamba napeleka siri kwa maadui. Mama alikuja mbio na kiondo chake. "Huyu ni mtoto wangu," alimwambia. "Anapiga picha ya kichwa cha treni ambacho kila mtu anakiona bure. Siri iko wapi hapo?" Watu wakaangua kicheko, askari akaniachilia. Hata hivyo, kijana unayesoma haya, usifuate mfano wangu. Nenda kwanza kwa mkuu wa stesheni ujieleze, uombe ruhusa, na usiingie katikati ya reli hata kama umeona picha ya karne.

Wiki iliyofuata, asubuhi, treni ilipanda kutoka Sagana ikiwa na mabehewa ya abiria na ya mizigo pamoja, na mbele yake kichwa cha aina ya 87. Nilikuwa nimepachagua mahali pangu. Nilitaka kichwa chote, kutoka pua hadi mkia, magurudumu yote yaonekane, nyuma yake miti, na pasiwe na mtu. Ndivyo nilivyoona katika gazeti moja la kizungu alilokuwa nalo mwalimu wetu, picha safi ya treni peke yake kama kwamba dunia haina watu. Nilichungulia ndani ya kamera. Kila kitu kilikuwa sawasawa, isipokuwa mama. Alikuwa amesimama upande wa kushoto, kiondo kikiwa mkononi, ameinua uso kuelekea madirisha yanayokuja.

Nikamwambia, "Sogea kidogo, Mama. Unaniharibia picha."

Alinitazama, akasogea. Hakukasirika. Nafikiri hata alitabasamu, lakini sina hakika, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kurudisha jicho kwenye kamera. Nikabonyeza.

Picha hiyo ninayo mpaka leo. Ni nzuri, nakiri. Nambari inasomeka, magurudumu madogo yanaonekana, moshi umesimama wima. Na katika ukingo wa kushoto kabisa kuna kitu ambacho miaka mingi nilikiona kama dosari. Ni mkono wa mtu kutoka kiwikoni, na nusu ya kiondo. Hakuwa amesogea vya kutosha.

Nilimaliza filamu ile, nikanunua nyingine, na nyingine. Nikaenda kazini Nairobi, nikaoa, na kila nilipopata likizo nilikuwa kando ya reli mahali fulani. Huku mlimani treni za abiria zilizidi kuwa chache, mwishowe zikakoma. Hata za mizigo zikakoma. Majani yakaota katikati ya mataruma, watu wakaanika nguo na kujenga vibanda juu ya reli. Mama alihamia sokoni, lakini hakuizoea biashara ya kukaa kitako akingoja mteja amjie.

Alifariki dunia mwaka wa 2004. Siku mbili kabla ya mazishi, dada yangu alinijia akiwa na karatasi ya ratiba ya ibada. Alisema, "Wewe ndiye mpiga picha. Tupe picha ya Mama ya kuweka mbele." Nilifungua masanduku yangu. Nilikuwa na mamia ya picha. Nilikuwa na vichwa vya treni vya kila aina, vikiwa Nairobi, Nakuru, Voi, vikiwa na matope, vikiwa vimetoka kuoshwa. Nilipekua usiku kucha. Ya mama haikuwepo. Zile chache za harusi alikuwa nyuma ya watu, ameinama akishughulika na sufuria. Asubuhi tulichukua kitambulisho chake tukakipeleka studio, wakaikuza ile picha ndogo ya kitambulisho mpaka ikajaa ukurasa, na kwa kuwa ilikuzwa kupita kiasi, uso wake ulikuwa kama mtu anayeonekana nyuma ya chandarua. Ndiyo picha waombolezaji waliyokwenda nayo nyumbani. Dada yangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na nafikiri ingekuwa afadhali angenilaumu.

Baada ya hapo niliiweka kamera kando. Watu walidhani nimezeeka.

Mwaka wa 2020 zikaanza habari kwamba reli ya Nanyuki inafufuliwa. Vijana wa NYS na wanajeshi walionekana wakifyeka vichaka, wakibadilisha mataruma na kunyoosha vyuma. Gharama iliyotajwa ilikuwa takriban Sh1.8 bilioni. Desemba mwaka huo treni ya abiria ikaanza tena, ikipanda Ijumaa na kurudi Nairobi Jumapili. Binti yangu, kitinda mimba, wakati huo akiwa na miaka 14, ndiye aliyenisomea habari hiyo kwenye simu. "Baba," alisema, "si hii ndiyo ile treni ya Cucu?" Sikuwa najua kwamba anajua. Dada yangu ndiye aliyemsimulia habari za chupa.

Agosti 2021 tulifunga safari, mimi na yeye, barakoa usoni kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Hesabu zangu za picha zilikuwa za siku nyingi, na nikupe siri yake kama ulivyo na nia ya kujaribu. Shida ya Mlima Kenya ni kwamba reli inapita upande wake wa magharibi. Asubuhi mlima uko wazi, vilele vya Batian na Nelion vinang'aa, lakini jua linachomoza nyuma yake na kukupiga machoni. Jioni jua liko upande mzuri kabisa, lakini mlima umekwisha kuvaa mawingu. Adhuhuri ndiyo mbaya kuliko zote. Hapa tuko kwenye mstari wa ikweta, jua linakuwa utosini, na magurudumu yote yanazama gizani chini ya treni. Njia moja ni kwenda Nanyuki mwezi wa Agosti. Mlima kutoka hapo uko upande wa kusini mashariki, na Agosti jua la asubuhi huchomoza kaskazini kidogo, basi huupiga mlima ubavuni badala ya kujificha nyuma yake. Unaomba tu ukungu wa majira ya baridi ukuhurumie.

Ijumaa tulipanda na treni kutoka Nairobi. Msomaji mwenye haraka nakushauri upande matatu, maana itakufikisha kabla hujasinzia. Treni ilituchukua karibu siku nzima. Lakini kuanzia Sagana nilisimama dirishani sikukaa tena. Kichwa kilichotuvuta kilikuwa cha aina ya 93, mojawapo ya vile 26 vilivyoletwa kutoka kwa General Electric ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Nilipokuwa kijana nilividharau kwa kuwa vilikuwa vipya mno, na havina yale magurudumu madogo. Sasa navyo vimezeeka, vimepita miaka 40, na bado vinavuta. Katika mpando ule kilipumua, kikanyamaza, kikapumua tena. Binti yangu aliniuliza mbona nimefumba macho. Nikamwambia vumbi.

Jumapili alfajiri tulikuwa Nanyuki kando ya reli, tumeomba ruhusa kama inavyotakiwa. Baridi ilikuwa ya kukata vidole. Saa moja mlima ulikuwa umefunikwa wote. Saa mbili ukafunuka, kwanza theluji, kisha miamba, kisha mabega yake yote. Nilikuwa na kamera mpya ya dijitali, lakini moyo ulikuwa ukihesabu 36. Kichwa cha treni kilisogea mbele kuunganishwa na mabehewa, kikasimama mahali pale pale nilipokuwa nimeomba katika ndoto zangu kwa miaka 40, mlima nyuma, jua ubavuni, na hakuna mtu hata mmoja. Nilipiga. Nilipiga tena. Nikaitazama ile picha kwenye kioo kidogo cha kamera, nikamwonyesha binti yangu.

"Ni nzuri," alisema. "Ni kama kalenda."

Hakusema kwa ubaya. Naye alikuwa akipiga zake kwa simu, na nilipozitazama sikuona kichwa cha treni popote. Alikuwa amempiga mama aliyevalisha watoto wake watatu masweta ya rangi moja. Alikuwa amempiga fundi anayepangusa mikono kwa kitambaa. Alikuwa amenipiga mimi kutoka nyuma, nimechuchumaa, shati limetoka suruali. Nilimwambia afute hiyo. Akakataa.

Tulirudi na treni ile ile. Ilipokaribia Karatina nilijitayarisha bila kujua najitayarishia nini. Stesheni ni ndogo kuliko ilivyo kichwani mwangu. Nilitarajia kilio cha wauzaji, lakini walikuwa wachache tu, maana treni ya mara moja kwa wiki haiwezi kulisha watu. Chini ya dirisha letu alisimama mama mmoja wa makamo, beseni la ndizi mkononi, kitenge kichwani. Nilinunua ndizi za Sh100 ambazo hatukuwa na haja nazo. Kisha nikainua kamera, nikasita, nikamuuliza, "Mama, nikupige picha?"

Akaniangalia kama anayepima kilo. "Nyinyi watu wa Nairobi hutupiga picha kila mara," akasema. "Mimi sijaona hata moja. Hii nayo nitaiona lini?"

Sikuwa na jibu. Honi ilikuwa imekwisha kulia. Nikampiga, uso mzima, beseni likiwa kifuani, akiwa bado ana ile hali ya kutoniamini. Treni ikaanza kusogea, na binti yangu akachungulia nje akampigia kelele, "Atakuletea, Mama! Mimi nitamkumbusha!"

Na kweli alinikumbusha, kila siku, mpaka nikaona heri niende. Niliisafisha picha ile kwa ukubwa wa ukurasa, nikaitia katika fremu, na Jumamosi mbili baadaye nikapanda matatu hadi Karatina. Sikujua jina lake. Nilizunguka sokoni nikiwaonyesha watu picha kama polisi anayemtafuta mhalifu. Wa kwanza kumtambua alikuwa muuza viazi, akacheka, akaita wenzake, nao wakaita wengine, na kabla sijafika kwake habari ilikuwa imekwisha kutangulia.

Aliipokea kwa mikono miwili. Aliipangusa kioo kwa kitenge ingawa hakikuwa na vumbi. Akaitazama kwa muda mrefu, karibu, kisha mbali, kisha akamwonyesha jirani yake upande wa kulia na wa kushoto. Nilingoja aseme neno. Nakiri nilikuwa na donge kooni, na nilikuwa nimejitayarisha kumsimulia habari ya mama yangu.

Akaniuliza, "Sasa, treni iko wapi?"

Nikaduwaa. Akaigonga fremu kwa kidole. "Umenipiga stesheni, mbele ya treni, halafu treni haionekani! Nani atajua kwamba hapa si sokoni tu?"

Jumapili iliyofuata nilikuwa Karatina tena kabla ya saa tano, kamera shingoni. Alikuja amevaa nguo ya kanisani, na beseni alikuwa amelipanga ndizi upya. Tulisikia treni ikitokea upande wa Kiganjo. Nikamwomba asimame upande wa kushoto, pale pale karibu na ukingo, na kichwa cha treni kilipoingia aligeuza uso akaniuliza kwa sauti kama asogee.

Nikamwambia asimame hapo hapo.